Mkate, Mafuta na Maneno: Hispania Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Hata hivyo, historia yatuonesha kwamba nchi isiyopigana haingoji tu kukanyagwa. Hubembelezwa, hutishwa na kudanganywa na pande zote mbili, na kila siku hulazimika kuchagua. Hispania kati ya mwaka 1939 na 1945 ni mfano ulio wazi, na kwa waamini Wakatoliki una funzo la pekee, kwa maana imani yenyewe ilifanywa silaha.

Nchi yenye njaa na yenye deni

Vita ya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania ilimalizika tarehe 1 Aprili 1939, miezi mitano tu kabla ya Ujerumani kuivamia Poland. Karibu miaka mitatu ya mapigano ilikuwa imeharibu mashamba na reli, na kuzigawa familia. Mgawo wa chakula kwa kadi ulianza Mei 1939 na haukufutwa hadi 1952. Wahispania wenyewe huikumbuka miaka hiyo ya mwanzo kama miaka ya njaa.

Jenerali Francisco Franco, aliyeshinda vita hiyo na ambaye utawala wake uliwafunga na kuwaua wapinzani wengi, alikuwa na deni kwa Adolf Hitler na Benito Mussolini, waliomsaidia kwa ndege, silaha na askari. Deni hilo lilimvuta kuelekea Berlin na Roma. Lakini ngano, pamba na mafuta ya petroli vilifika kwa njia ya bahari, na bahari ilikuwa mikononi mwa Uingereza. Meli iliyobeba bidhaa kwenda Hispania ilihitaji hati ya ruhusa ya Waingereza, nao waliitoa kwa kipimo: bidhaa za kuiwezesha nchi kuishi, lakini zisizotosha kuwekwa akiba wala kupelekwa Ujerumani.

Hatua za wanadiplomasia

Mwezi Septemba 1939 Hispania ilitangaza kwamba haiegemei upande wowote. Juni 1940, Ufaransa ilipokuwa ikianguka, Franco alibadili tamko: sasa nchi yake ilikuwa tu “isiyo vitani”, maneno yaliyoficha mwelekeo wake kwa Ujerumani. Tarehe 23 Oktoba 1940 alikutana na Hitler katika kituo cha reli cha Hendaye, mpakani mwa Ufaransa. Aliomba chakula, mafuta, silaha na sehemu za makoloni ya Ufaransa huko Afrika ya Kaskazini. Hitler hakuwa tayari kutoa hayo yote, na Franco hakutaja tarehe ya kuingia vitani. Mwaka uliofuata alituma askari wa kujitolea kupigana dhidi ya Urusi. Hadi waliporudishwa, zaidi ya 40,000 walikuwa wamepita katika kikosi hicho.

Upepo ulianza kugeuka mwaka 1942. Septemba, Franco alimwondoa katika wizara ya mambo ya nje mwanyumba wake, Ramón Serrano Suñer, rafiki wa Ujerumani, akamweka Francisco Gómez-Jordana, mtu wa tahadhari. Mwaka huohuo Marekani ilikuwa imemtuma Madrid Balozi Carlton Hayes, profesa wa historia na Mkatoliki. Majeshi ya Marekani na Uingereza yaliposhuka Afrika ya Kaskazini tarehe 8 Novemba 1942, Hayes alimkabidhi Franco barua ya Rais Roosevelt iliyomhakikishia kwamba ardhi ya Hispania haitaguswa. Julai 1943 Hayes alimwendea tena na maombi matatu: nchi irudi katika hali ya kutoegemea upande wowote, askari walioko Urusi waondolewe, na magazeti yaache kuipendelea Ujerumani. Kufikia Oktoba, mawili ya kwanza yalikuwa yameanza kutimizwa.

Madini ya Galicia na mafuta ya Marekani

Shinikizo kubwa zaidi lilihusu wolframu, madini yanayotumika kukifanya chuma cha pua kiwe kigumu mno, kifae kwa mitambo ya viwanda na kwa risasi za kutoboa vifaru. Baada ya Ujerumani kuivamia Urusi mwezi Juni 1941, njia yake ya kupata madini hayo kutoka Asia ilifungwa. Ilibaki kutegemea Ureno na Hispania, hasa milima ya Galicia.

Waingereza na Wamarekani wakaanza kununua wolframu kwa wingi. Lengo lao kuu lilikuwa kumnyima adui. Bei ikapanda mara nyingi, na wakulima maskini wakaacha majembe ya shamba na kuchimba mawe vilimani. Serikali ya Hispania nayo ikajaza hazina kwa kodi, kwa kuwa ilikuwa na wateja wawili waliochukiana.

Mwishoni mwa Januari 1944 Marekani ilisimamisha meli za mafuta. Nchi ambayo ilikuwa bado haijapona ikaona magari yakisimama na usafirishaji wa chakula ukizidi kuwa mgumu. Washington ilidai biashara ya wolframu na Ujerumani ikome kabisa, ilhali London ilipendelea maafikiano. Tarehe 2 Mei 1944 makubaliano yalifikiwa. Ujerumani ingepata tani 20 tu mwezi Mei, tani 20 mwezi Juni, na baadaye tani 40 kwa mwezi. Ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Tangier ungefungwa, na mawakala wake wangefukuzwa. Ndipo mafuta yakaanza kuja tena.

Msalaba katika vita ya maneno

Magazeti yote ya Hispania yaliongozwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1938, na ubalozi wa Ujerumani ulikuwa na ushawishi mkubwa ndani yake. Kwa wasomaji Wakatoliki, vita dhidi ya Urusi ilielezwa kuwa vita takatifu dhidi ya ukomunisti. Maneno hayo yaligusa jeraha la kweli: karibu mapadre, watawa na waseminari 6,800 walikuwa wameuawa katika maeneo ya upande ulioshindwa. Propaganda hupata nguvu inapochukua ukweli mmoja na kuutumia kuufunika mwingine.

Ukweli uliofunikwa ulikuwa mzito. Mwaka 1937 Papa Pio XI alikuwa ameandika kwa Kijerumani waraka wa kuyakemea mafundisho ya Wanazi. Januari 1940 Radio Vatikani ilitangaza mateso ya watu wa Poland. Katika kambi ya Dachau walifungwa zaidi ya wakleri 2,500, wengi wao Wapoland. Mwezi Februari 1942 Askofu Fidel García Martínez wa Calahorra alitoa waraka wa kichungaji uliowaonya waamini juu ya makosa hayo, lakini magazeti yalizuiwa kuutangaza. Waingereza nao walimweka Tom Burns, mchapishaji Mkatoliki, kushughulikia habari katika ubalozi wao Madrid. Hata waliposema kweli juu ya mateso ya Kanisa, walisema pia kwa faida ya upande wao.

Tujifunze nini?

Kwanza, kutoegemea upande wowote si kutokuwa na wajibu. Hispania haikupigana, lakini madini yake yaliingia katika silaha zilizoua. Pili, kikwazo cha kiuchumi chaweza kuzuia uovu, lakini mzigo wake humwangukia kwanza mnyonge. Ndiyo maana Mafundisho ya Jamii ya Kanisa yadai vikwazo vitumike kwa busara kubwa, kwa muda maalumu, na visiwe adhabu kwa umma mzima. Tatu, habari ikija imevaa joho la imani yetu, tuulize ni nani aliyeivika, na ni mateso ya nani ambayo hatutajiwi. Waamini wa Calahorra walikuwa na mchungaji aliyewasaidia kuuliza swali hilo. Leo habari za vita zatufikia kila saa kwa simu ya mkononi, na kila mmoja wetu anapaswa kujiuliza swali hilohilo kabla ya kuamini, na kabla ya kumtumia jirani.