Picha za Kanisa la Murang'a

Picha ya misioni humwuliza mtazamaji swali moja: nyumba hii ni ya nani?

Katika kisiwa cha Pemba, karibu na Chake Chake, liko shamba liitwalo Banani. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba sheria isitambue tena utumwa, na mwaka huo huo Waingereza wa madhehebu ya Marafiki walianza misioni yao katika shamba hilo, ili watu walioachwa huru wapate kazi ya ujira na mafundisho. Sasa, fundi wa kuchora akitaka kuionyesha misioni ile, achore nini? Akichora nyumba ya Mzungu peke yake, mtazamaji atadhani habari hiyo ni ya wageni tu. Lakini akichora mikarafuu, na karafuu zilizoanikwa juani juu ya majamvi, na watu wanaozichambua, mara itajulikana kuwa ni habari ya watu wa Pemba.

Swali la namna hiyo lilimpata Elimo Njau, Mchagga aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, chini ya mlima Kilimanjaro. Alijifunza uchoraji katika chuo cha Makerere, nchi ya Uganda, mahali ambapo Bibi Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafunzo ya kazi hiyo. Baadaye aliitwa kuchora picha katika kanisa jipya la Fort Hall, mji wa Kenya ambao sasa huitwa Murang'a.

Kanisa lile halikujengwa wakati wa amani. Mwaka 1952 serikali ya Waingereza ilitangaza hali ya hatari katika Kenya, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Wapiganaji walidai ardhi yao na uhuru, nao waliwataka watu kula kiapo. Wakristo wengine walikataa, wakisema kwamba wamekwisha kumwapia Mungu, na baadhi yao waliuawa. Tena, Wagikuyu wengi sana waliuawa na majeshi ya serikali, au walifungwa kambini. Nyumba moja iligawanyika, ndugu akamwogopa ndugu. Basi kanisa likajengwa kuwa ukumbusho wa wale waliokufa kwa ajili ya imani, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi mwaka 1955.

Njau alimaliza kazi yake mwaka 1959. Picha ni tano, nazo ni kubwa, zimechorwa ukutani: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, sala ya Gethsemane, na kusulibiwa. Katika picha hizo Yesu ni Mwafrika, na watu walio pamoja naye ni Waafrika, na nchi inayoonekana ni nchi ya Wagikuyu, yenye vilima na mashamba.

Je, fundi alisema uongo, maana Bethlehemu si Murang'a? La. Mafundi wa zamani wa Italia na Uholanzi walifanya vivyo hivyo: walimchora Yesu kama mtu wa kwao, katikati ya nyumba na mavazi ya kwao. Lakini picha zao zilipoletwa Afrika, wengi walidhani kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa hasa, na kwamba dini yake ni mali ya Wazungu. Na katika siku zile za vita neno hilo lilikuwa zito, kwa kuwa Mkristo aliweza kuhesabiwa kuwa mtu wa Wazungu, na hesabu hiyo ilitosha kumwua.

Ndiyo maana kazi ya Njau ilikuwa zaidi ya pambo. Mjane aliyeingia kanisani humo aliona vilima alivyovijua, na msalaba umesimama katika nchi yake mwenyewe. Hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba nyumba ile ni yake.