Kipini Kipya Puani

Leo tutazungumza habari za pua iliyotobolewa ili kutiwa kipini. Pua si kama ndewe ya sikio. Ndani yake mna mfupa laini, uitwao gegedu, usiopata damu nyingi. Kwa hiyo kidonda huweza kuchukua miezi 4 hata 6 kupona, ijapokuwa kwa nje chaonekana kizima.

Nawa mikono kwa sabuni, kisha osha tundu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja kwa robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Mama wengine wataniambia majivu ni dawa; majivu ni ya jikoni. Wala usikizungushezungushe kipini, wachubua kidonda.

Pua ikivimba na kutoa usaha, usikitoe kipini: tundu litaziba, usaha ubaki ndani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.