Kupunguza Ukubwa wa Faili za Video za Uwandani bila Kupoteza Ushahidi: Mfano wa Kurekodi Ngoma Maramba, Tanga

Mtafiti wa fasihi simulizi anayekusanya data Maramba, wilayani Mkinga, yumo katika eneo ambalo Kidigo, Kisambaa na Kibondei husikika sambamba na Kiswahili. Data yake si maneno pekee. Katika ngoma kama mdumange ya Wasambaa au sengenya ya Wadigo, maana hubebwa pia na mguu, bega na uso. Kwa sababu hiyo, video ni data ya msingi, si pambo la kiambatisho. Tatizo ni ukubwa wa faili zake. Makala haya yanaeleza namna ya kuupunguza, na yanashikilia kuwa kipimo cha kupunguza ni kile ambacho uchambuzi unahitaji kukiona, wala si ukubwa unaotamaniwa.

Fremu moja ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ikihifadhiwa kwa biti 12 kwa kila pikseli, hufikia takribani megabaiti 3.1. Kwa fremu 25 kwa sekunde, saa moja ingehitaji gigabaiti 280 hivi. Kamera inayoandika megabiti 24 kwa sekunde huishusha saa hiyo hadi gigabaiti 10.8, ikibanwa tena kwa wastani wa megabiti 4, hubaki gigabaiti 1.8.

Upungufu huo hutokana na mambo matatu. Kwanza, jicho hutambua tofauti za mwanga vizuri kuliko za rangi, hivyo rangi huhifadhiwa kwa undani mdogo zaidi. Pili, badala ya kuandika kila fremu upya, kodeki huandika kilichobadilika. Tatu, tofauti ndogo ndani ya kila kipande cha picha hukadiriwa au kuachwa, na hapa ndipo taarifa hupotea bila kurudi. Kiwango cha H.265 cha mwaka 2013 huweza kutoa ubora unaokaribiana na wa H.264 ya mwaka 2003 kwa takribani nusu ya biti, ingawa huchukua muda mrefu zaidi kuchakatwa na vifaa vya zamani huenda visiifungue.

Kwa kuwa kodeki hulipia mabadiliko, msimulizi aliyeketi mbele ya ukuta huhitaji biti chache, ilhali wachezaji wenye mwendo wa kasi, nyuma yao majani yakipeperushwa na upepo, huhitaji nyingi. Kupanga kasi moja ya biti kwa rekodi zote humpa wa kwanza ziada na kuwapunja wa pili. Inafaa zaidi kupanga ubora usiobadilika. Katika FFmpeg, programu ya bure, kipimo cha CRF kwa H.264 huanzia 0 hadi 51, na namba ndogo humaanisha ubora mkubwa. Kisipopangwa, huwa 23. Mtafiti achague dakika ngumu kuliko zote, aibane kwa 18, 20, 23 na 26, kisha alinganishe nyayo, vidole na midomo na faili ya kamera. Achukue namba kubwa kuliko zote ambayo bado inaonyesha kile anachokichambua.

Uangalifu huanza kabla ya kubana. Kamera iliyowekwa kwenye stendi na mwanga wa kutosha hupunguza faili, kwani mtikisiko na chenga za gizani huhesabiwa kuwa mabadiliko. Aidha, kila ubanaji wa namna hii hupoteza kitu. Nakala zote zitokane na faili ya kamera, si nakala ya nakala. Video inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya, lakini ikitumwa kama hati hubaki ilivyo.

Hivyo basi, faili za kamera zihifadhiwe katika diski mbili zinazokaa mahali tofauti, na kodeki, kipimo na idadi ya pikseli vitajwe katika sura ya mbinu za utafiti. Tasnifu inayodai kuwa mchezaji huinua bega kabla ya kibwagizo humtaka mtahini akaone. Akikuta ukungu wa miraba mahali pa bega, dai hilo limebaki bila shahidi.