Fedha za Kikundi cha Ngoma Zianzie Kijijini

Kikundi cha ngoma kinapoomba ushauri wa kutafuta fedha, mazungumzo huanzia kwa mfadhili: yuko wapi, anataka andiko la namna gani, anatoa kiasi gani. Mimi huomba kwanza kuona daftari. Nataka kujua nani tayari anakichangia kikundi hicho, kwa fedha, kwa mahindi au kwa jasho, na kama michango hiyo imeandikwa popote. Mara nyingi haijaandikwa. Ndiyo maana makala haya, niliyoyakusudia kwa vikundi vya wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, hayataanzia Dar es Salaam wala Ulaya.

Kikundi ninachokizungumzia hakitumbuizi tu. Kinacheza kiduo cha Wahehe, kinatunga igizo, kinamwalika mhudumu wa afya au bwana shamba ajibu maswali, kisha kinawaachia wanakijiji uwanja wajadiliane. Kazi ya namna hii ina mizizi mirefu nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, pakiwemo Malya mkoani Mwanza, wakawaacha wanakijiji wenyewe wataje tatizo lao, walicheze, kisha walijadili. Ngoma ikawa njia ya kikao.

Iringa inaihitaji njia hiyo. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Huu ni mkoa wa mahindi, maharage, viazi na nyanya za Ilula. Chakula kipo, lakini mtoto halishwi inavyompasa, na mama anarudi shambani mapema mno. Hotuba ya afisa pekee haijatosha kubadili hali hiyo. Igizo linalomwonyesha baba akiuza mayai yote gulioni na kumwachia mwanawe ugali mkavu huwafanya watu wazima wabishane mbele ya majirani zao, na ubishi huo ndio ninaoutafuta.

Hapo ndipo fedha ya kwanza ilipo. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na kila robo mwaka hufanyika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambapo kina mama huleta watoto kupimwa. Watu wameshakusanyika na mada imeshapangwa. Kikundi kinachopeleka pendekezo kwa afisa lishe na afisa utamaduni wa wilaya, kupitia kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, hakiendi kuomba sadaka. Kinakwenda kuuza huduma ambayo halmashauri inaihitaji. Ila tarehe ni muhimu kuliko ufasaha wa barua. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mipango na makadirio huandaliwa miezi mingi kabla, kuanzia mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Barua ya Novemba inaweza kuingia kwenye bajeti. Ya Mei itajibiwa kwa adabu, halafu basi.

Sasa bei. Hapa vikundi vingi hujiumiza vyenyewe, na nitakaa kidogo kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni: wachezaji 12 wanateremka kutoka milimani kwenda Ilula kwa onyesho moja. Nauli ya kwenda na kurudi, shilingi 10,000 kila mmoja, ni 120,000. Chakula, 5,000 kwa kila mtu, ni 60,000. Posho ya 10,000 kwa siku nzima ya kuacha shamba ni 120,000. Kukodi spika na kununua mafuta ya jenereta, 80,000. Akiba ya kushona mavazi na kuwamba ngoma upya, 40,000. Jumla ni shilingi 420,000. Mwenyekiti, kwa kuona haya, anaomba 150,000 kwa sababu “hawa ni watu wetu”. Zile 270,000 zilizobaki hazikuyeyuka. Wamezilipa wachezaji, wengi wao vijana wasio na kipato, kwa kutembea kwa miguu, kushinda na njaa na kurudi nyumbani mikono mitupu. Baada ya misimu miwili mpiga ngoma hodari anahamia mjini, na watu wanasema vijana hawapendi utamaduni.

Sisemi kila onyesho litozwe 420,000. Kijiji maskini kinaweza kuchezewa bure. Ninachosisitiza ni kwamba bei kamili iandikwe kila mara, na punguzo liandikwe chini yake kama mchango wa wachezaji. Vivyo hivyo ukumbi wa parokia unaotolewa kwa mazoezi, gunia la mahindi la mzee fulani, na siku tatu za fundi cherehani aliyeshona bila malipo: vyote vithaminishwe kwa bei ya soko ya siku hiyo, mtoaji atie sahihi. Kikundi kinachoweza kumwonyesha mfadhili, kwa karatasi, kwamba karibu nusu ya gharama zake zinabebwa na jamii kinasimama mbele yake kama mshirika. Bila karatasi hiyo, kitaonekana kinaanzia sifuri hata kama kijiji kizima kinakibeba.

Kuhusu kuchangisha, watu wa Kilolo hawahitaji semina. Waende wakatazame makanisa yao. Baada ya ibada huwekwa mnada: kuku, ndizi, debe la maharage, vyote vinapandishwa bei kwa vicheko, na mtu ananunua boga kwa bei ya jogoo kwa sababu anajua fedha inakwenda wapi. Kwaya zimerekodi nyimbo na kununua vinanda kwa njia hiyo, pamoja na kadi za ahadi na mgeni rasmi aliyeandaliwa mapema. Kikundi cha ngoma kikiiga, kifuate kalenda ya mashamba. Nyanda za Juu Kusini mahindi huvunwa kuanzia Juni, hela huonekana mikononi Julai na Agosti, na barabara za milimani hupitika. Januari hadi Machi ni mvua, ada za shule na ghala lililopungua. Kumwekea mtu kadi ya mchango Februari ni kumnyima usingizi.

Kutunza nako kuna fedha, na kuna ugomvi. Noti anayobandikwa mchezaji usoni ni ya nani? Ijibiwe kwenye katiba ya kikundi kabla ya onyesho la kwanza. Mimi napendelea zote ziingie kapuni, zihesabiwe hadharani siku ileile, sehemu igawiwe na sehemu ipelekwe kwenye akaunti. Huduma kama M-Koba, inayoruhusu kikundi kuweka akiba kwa simu huku wanachama wakiona kila muamala, imepunguza mashaka mengi ambayo zamani yalivunja vikundi vizuri.

Karatasi za kisheria nazipitia haraka. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, ndilo linalosajili shughuli za sanaa, na afisa utamaduni wa wilaya ndiye mlango wake wa karibu. Kikundi kinachotaka kupokea ruzuku kama asasi kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, ambayo inaruhusu usajili hata wa ngazi ya wilaya. Usajili huo unadai taarifa kila mwaka. Asiyekuwa na mtu wa kuziandika asikimbilie.

Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Nimeona vikundi vikiitazama kama ruzuku, na ni hatari. Ni mkopo. Usikopee onyesho ambalo halina mnunuzi. Kopea kitu kinachoingiza fedha hata siku ambazo hamchezi: spika na jenereta za kukodisha kwenye harusi, mahema, viti. Wilaya yenye sherehe nyingi baada ya mavuno italirudisha deni hilo.

Na wanasiasa? Wakati wa kampeni ngoma hulipwa vizuri kuliko wakati wowote. Kikundi kikiamua kwenda, kiende kwa mkataba na stakabadhi, na kiwe tayari kwenda kwa chama kingine kwa bei ileile. Kikivaa fulana za upande mmoja, nusu ya kijiji haitakuja tena kusikiliza habari za lishe.

Baada ya hayo yote ndipo tuzungumzie wafadhili wakubwa. Ninawaheshimu, maana bila Umoja wa Ulaya na Chuo Kikuu cha Iringa, lile boma la Wajerumani mjini Iringa lisingegeuka makumbusho na kituo cha utamaduni mwaka 2016. Lakini mwaka huohuo wa 2016 Sauti za Busara, tamasha linalojulikana dunia nzima, halikufanyika Zanzibar kwa kukosa fedha. Mwaka 2019 chuo cha muziki cha DCMA, palepale Mji Mkongwe, kilitangaza kwamba kinaweza kufunga milango baada ya misaada kukauka. Vyote viwili vilikuwa na jina, wataalamu na marafiki wa kigeni. Kikundi cha Kilolo hakina kinga ambayo wao hawakuwa nayo.

Waliodumu wana kitu wanachokiuza. Kampala, Stephen Rwangyezi alianzisha Ndere Troupe katika miaka ya 1980, na leo kituo chake kinaandaa maonyesho ya ngoma kila wiki pamoja na chakula, watu wanalipa kiingilio, na vijana wengi wamesomeshwa kwa kucheza. Kisangani, Faustin Linyekula na Studios Kabako wanachanganya dansi, tamthilia, muziki na filamu. Kazi zake zinazonunuliwa na majumba ya sanaa ya Ulaya zimesaidia kushikilia shughuli za nyumbani, hadi mtaa wa Lubunga ng'ambo ya mto. Iringa mjini kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana na vijana viziwi watatu, ikakua kwa kuuza kazi za mikono, mgahawa na nyumba ya wageni. Hakuna ngoma pale, lakini somo la fedha ni lilelile: mteja analipa kwa sababu kitu ni kizuri, si kwa sababu aliyekitengeneza anahurumiwa.

Ushirika wa mbali nao hauna ubaya ukijengwa polepole. Bega kwa Bega, unaowaunganisha Walutheri wa Dayosisi ya Iringa na wenzao wa Saint Paul, Marekani, umedumu miongo kadhaa kwa sababu ni usharika kwa usharika: watu wanajuana kwa majina, wanatembeleana, wanaombeana. Kikundi kinachotaka rafiki wa ng'ambo kiwe na mtu wa kujibu barua kila mwezi, hata pale ambapo hakuna cha kuomba.

Ruzuku ikija, iombewe mambo ambayo jamii haiwezi kuyabeba na ambayo yatabaki: mafunzo ya mtunza hesabu, ngoma mpya, mwalimu wa kujitolea kutoka chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, kwa msimu mmoja, kurekodi nyimbo za wazee wakiwa bado hai. Posho za kila wiki zisitegemee ruzuku, maana siku itakapokoma, mazoezi nayo yatakoma.

Taarifa ya kwanza ya fedha apewe mwanakijiji kabla ya mfadhili. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Katibu wa kikundi aende kwa mwenyekiti wa kijiji wiki moja kabla ajenda hazijabandikwa, aombe dakika kumi, kisha asome kila kitu: gunia la mzee yule, siku za fundi cherehani, zilizotoka halmashauri, zilizotunzwa, na maonyesho yaliyochezwa bure na gharama yake kamili. Nakala ibaki ofisini kwa mtendaji, ikiwa na nafasi chini kwa atakayetaka kuuliza.