Swichi janja ya pangaboi: cheki nyutro kwanza

Karagwe na Kyerwa usiku ni blanketi, lakini mchana chini ya bati, ukumbini au saluni, pangaboi lina kazi yake. Ukitaka kuliwasha kwa simu, usiagize swichi janja kabla fundi hajafungua swichi ya ukutani akaangalia ndani.

Mara nyingi atakuta waya mbili tu: wa moto unaoingia na ule unaopanda kwenye pangaboi. Nyutro imeishia darini. Swichi janja nyingi zinaitaka hiyo nyutro ili zibaki hewani hata pangaboi likiwa limezimwa. Basi fundi aivute hadi ukutani, au afunge moduli ndogo juu, ndani ya kile kikombe kinachofunika waya. Akikwambia atatumia waya wa ethi badala ya nyutro, mkatalie. Swichi itawaka, ndiyo, lakini siku ethi ikikatika, bodi ya friji inaweza kukupiga shoti. Tafuta mwenye leseni ya EWURA, na azime meni swichi, apime kwa testa kabla ya kugusa chochote.

Dima ya taa nayo usiifunge. Pangaboi ni mota; litavuma, litapata joto, mwisho kitu kitaungua. Nunua swichi iliyoandikwa ni ya feni, volti 220 hadi 240, na regyuleta ya zamani itolewe.

Wi-Fi iwe ya 2.4 GHz, 5 GHz nyingi haziioni. Halafu kwenye programu chagua swichi ibaki imezimwa umeme ukirudi, la sivyo TANESCO wakirudisha saa 8 usiku utaamshwa na upepo.