Je, Wajua? Boneti Inayojiinua

Baadhi ya magari huinua boneti yenyewe yanapomgonga mtembea kwa miguu. Vihisio vya bampa vikihisi mguu, baruti ndogo hulipuka na boneti hupanda sentimita kadhaa, ili kichwa kisifikie chuma cha injini. Mara nyingi mfumo huu hufanya kazi kati ya kilomita 25 na 50 kwa saa hivi. Kwenye mitaa ya Matonge, mtaa wa Wakongo jirani na Porte de Namur, Brussels, kikomo cha mwendo tangu Januari 2021 ni kilomita 30 kwa saa, kwa hiyo hata huko mfumo huu waweza kufanya kazi.

Ubaya wa mfumo huu uko mfukoni. Baruti hutumika mara moja tu, na hata mbwa aliyekatiza barabara aweza kuifyatua. Awe mtu au mbwa, bili ya gereji ni ileile.