Sabyinyo: Kilele kimoja, nchi tatu, mwendo wa siku moja

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Cyanika au Bunagana anaujua mlima huu kwa macho. Mawingu yakifunguka, huonekana vilele vyake vilivyochongoka kama meno machache yaliyobaki kinywani mwa mzee. Jina lenyewe, Sabyinyo, limetokana na neno la Kinyarwanda la jino. Wengi wameutazama kwa miaka wakiwa kwenye foleni ya forodha. Wachache ndio wameupanda.

Hata hivyo, ni mlima wa kupandwa na kushukwa kwa siku moja. Kilele chake cha juu kabisa, kinachozidi kidogo mita 3,600 kutoka usawa wa bahari, ndipo mipaka ya Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inapokutana.

Njia inayotumika zaidi huanzia Uganda, katika Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga. Kutoka mjini Kisoro hadi lango la Ntebeko ni takriban kilomita 14. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, maana safari ya kwenda na kurudi huchukua saa nane hivi, na mvua za huko hupenda kunyesha mchana. Hakuna anayeruhusiwa kupanda bila kusindikizwa na askari wa hifadhi.

Mwanzo ni mwepesi. Mashamba ya viazi mviringo yanaishia kwenye ukuta wa mawe ya volkano, uliojengwa kuzuia nyati wasiingie kwenye mazao. Baada ya hapo unaingia msitu wa mianzi, makao ya kima wa dhahabu. Njia ina matope na mizizi, lakini mtu aliyezoea kutembea hapati shida.

Shida huanza kwenye ngazi. Zimeundwa kwa miti, na mara nyingi zimelowa. Ukifika kilele cha kwanza, unateremka kidogo kisha unapanda tena kwenda cha pili. Kati ya cha pili na cha tatu mlima unasimama karibu wima. Hapo unatumia mikono na miguu pamoja, shimo la Rwanda likiwa kushoto na la Uganda kulia. Anayeogopa kimo aishie kilele cha pili, na si aibu.

Atakayefika juu siku isiyo na ukungu, upande wa mashariki ataona Gahinga na Muhabura, magharibi Bisoke, Mikeno na Karisimbi, na kaskazini maji ya Ziwa Mutanda. Hatua chache tu zinatosha kumpitisha nchi tatu bila kuulizwa karatasi.

Mipaka hiyo haikuchorwa na wenyeji. Mwaka 1910 Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji zilikubaliana mjini Brussels wapi makoloni yao yatatengana, na Sabyinyo ikawa alama. Jamaa waliokuwa wakilima na kuoana kuuzunguka mlima wakajikuta wako chini ya serikali tatu.

Wanaoishi kwa biashara ya hapa wanajua gharama ya mstari ule. Kuanzia Februari 2019 biashara kati ya Rwanda na Uganda ilikwama kwa karibu miaka mitatu, hadi mpaka wa Gatuna ulipofunguliwa tena Januari 2022. Mwezi Juni mwaka huohuo waasi wa M23 wakaiteka Bunagana, wiki chache tu baada ya Kongo kutia saini ya kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gorila wa milimani hawakupata habari hizo. Kundi la Nyakagezi, linaloishi Mgahinga, limezoea kuvuka kwenda Rwanda na Kongo na kurudi, na hifadhi za nchi zote tatu hushirikiana kuwahesabu. Kama inawezekana kwa gorila, haishindikani kwa gunia la viazi.

Lakini Sabyinyo si njia ya panya. Lazima urudi kwa njia uliyopandia. Ukiteremkia upande wa pili umeingia nchi ya watu kinyume cha sheria, na hapo askari hawatauliza ulikuwa mtalii au mfanyabiashara.

Kwa anayetaka kwenda, jambo la kwanza ni kitambulisho. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali, tena kwa shilingi ya Uganda, lakini lazima athibitishe uraia wake. Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mkongo abebe pasipoti. Pili, ulizia hali ya usalama katika ofisi ya hifadhi siku moja kabla. Tatu, vaa viatu vinavyoshika matope, na chukua koti la mvua, glavu za kushikia ngazi, chakula na lita mbili za maji.

Sehemu ya kiingilio hurudi kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, kwa wakulima walewale wanaokuuzia viazi. Mgeni wa kutoka Ulaya hulipa nauli ya ndege kuja kukiona kilele hiki. Wewe unayelala Kisoro ukisubiri mzigo unahitaji siku moja tu na magoti imara.